Mary Tealby, mama wa London aliyefungulia mlango mbwa wasio na mwenyewe

Mwaka wa 1860, mama mmoja wa miaka 58, aliyekuwa ameachana na bwana yake na asiye na cheo chochote, alifungua nyumba ya mbwa waliopotea katika kartie moja ya London. Gazeti kubwa la nchi likamcheka. Leo nyumba ile ingali inafanya kazi, na imekwisha kupokea wanyama zaidi ya 3,000,000. Tunawaletea maisha ya mama huyo, juu yanagusa ulizo ambalo kila mtu anayetafuta mbwa anakutana nalo: kununua mtoto wa mbwa kwa bei kali, ao kuchukua yule ambaye hana mwenyewe?

Binti wa Huntingdon

Mary Bates alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 12, mwaka wa 1801, kule Huntingdon, mji mdogo wa Uingereza, upande wa kaskazini wa London. Alipokomaa akaolewa na Robert Tealby, mfanya biashara wa mbao katika mji wa Hull. Hull iko bandari, na wakati ule mashua zilikuwa zinashusha pale mbao nyingi kutoka nchi za kaskazini. Mwanamke wa mfanya biashara kama huyo hakukosa chakula wala nguo. Lakini ndoa haikusimama.

Kuachana kwa wakati ule hakukuwa jambo la kwenda tu kwenye tribinali na kurudi na karatasi. Mpaka mwaka wa 1857, aliyetaka kuvunja ndoa kabisa alihitaji sheria ya bunge, na hiyo ilikuwa kwa matajiri. Hata nyuma ya mwaka ule, mwanamke hakuweza kuachwa huru kwa sababu ya uzinzi wa bwana yake peke yake, alipaswa kuonyesha na kosa lingine kubwa juu yake. Basi Mary aliondoka Hull, akabaki na jina la Tealby mpaka kufa kwake. Alienda London kumtunza mama yake mgonjwa. Kule aliishi na watu wa jamaa yake, pamoja na kaka yake Edward Bates, aliyekuwa pasta wa Kanisa la Anglikana. Walikuwa upande wa Islington na Holloway, kaskazini ya mji.

Hapo njo tunamkuta: mwanamke karibu kufika miaka 60, bila bwana, bila nguvu kubwa ya feza. Kwa hesabu ya watu wa siku zile, maisha yake yalikuwa yameisha.

Mbwa wa bei na mbwa wa barabara

London ya wakati ule ilikuwa mji mkubwa kuliko yote ya dunia, ikiwa na watu karibu milioni 3. Ilijaa farasi, moshi, maskini, na mbwa. Lakini mbwa wenyewe hawakuwa wa namna moja.

Kulikuwa mbwa wa bei. Matajiri walipenda mbwa wadogo wa kubeba mkononi na mbwa wakubwa wa kuwinda. Wachuuzi walikuwa wanawatembeza barabarani, watoto wa mbwa wakichungulia kwenye mifuko ya makoti yao. Mwandishi Henry Mayhew, aliyeandika juu ya wafanya biashara wadogo wa London mnamo mwaka wa 1851, aliwapa wachuuzi hao wa mbwa nafasi yao katika kitabu chake. Biashara ilikuwa tamu hata wizi ukaingia ndani yake. Wezi walikuwa wanaiba mbwa wa tajiri, kisha wanamtumia ujumbe atoe feza ili arudishiwe. Mshairi Elizabeth Barrett aliibiwa mbwa wake Flush mara 3, na kila mara alilipa. Bunge lilifikia kutunga sheria mwaka wa 1845 juu ya wizi wa mbwa.

Halafu, mwaka wa 1859, kule Newcastle, kukafanyika onyesho la mbwa ambalo linahesabiwa kuwa la kwanza la kupangwa vizuri. Toka hapo watu wakazidi kupima mbwa kwa aina yake: baba yake ni nani, masikio yake yakoje, rangi yake inafanana na ile inayotakiwa? Aliyefaulu, bei yake ikapanda.

Na upande mwingine kulikuwa mbwa wa barabara. Wengine walipotea, wengine walifukuzwa kwa sababu walizeeka ao waligonjwa, wengine walizaliwa inje na hawakujua nyumba hata siku moja. Hao hakuna aliyewaiba. Watoto waliwapiga mawe, na watu wakubwa waliwakimbia kwa sababu ya raje, ule ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao kwa wakati ule haukuwa na chanjo. Walikufa kwa njaa katika mifereji, na mji ukawapita.

Mbwa mmoja katika jiko la Sarah Major

Mary alikuwa na rafiki yake, Sarah Major, aliyekaa Canonbury Square, mahali pasipo mbali na kwake. Mwaka wa 1860 Sarah aliokota mbwa barabarani, mbwa aliyekondeana kabisa kwa njaa, akamwingiza jikoni. Mary alipofika kumtembelea akamkuta pale. Wale mama wawili wakaanza kumtunza, wakimlisha kidogo kidogo. Haikusaidia. Mbwa akafa.

Watu wengi wangefagia jiko na mambo yakaisha. Mary hakuachia hapo. Alijua kwamba inje kuko wengine wengi kama yule. Akaanza kuwaokota, na jiko la Sarah likawa mahali pa kwanza pa kuwaweka. Lakini jiko si kubwa. Haraka sana wakatafuta nafasi nyingine, wakapanga mahali palipokuwa zizi za farasi kule Holloway, kwenye barabara ya Hollingsworth. Nyumba ile ikapewa jina refu kidogo: Nyumba ya Muda ya Mbwa Waliopotea na Wenye Njaa.

Mary hakufanya kazi peke yake. Kaka yake pasta alimsaidia, na mama wengine wakaingia kwenye komite. Walienda kugonga mlango wa chama cha RSPCA, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1824 ili kupiganisha ukatili juu ya wanyama, nacho kikawapa nafasi ya kukutania katika biro yake ya London. Walioleta feza, wengi walikuwa wanawake, kila mmoja kadiri alivyoweza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kueleweka. Anayeokota mbwa anamleta. Anapewa chakula, maji na majani makavu ya kulalia. Aliyepoteza mbwa wake anakuja kumtafuta. Akimpata, analipa gharama ya chakula na kumrudisha nyumbani. Na yule ambaye hakuna anayemdai, anatafutiwa mtu mpya wa kumchukua.

Kicheko cha gazeti

Mwezi wa 10 wa mwaka ule ule wa 1860, gazeti la The Times liliandika juu ya nyumba ile. Gazeti hilo lilikuwa na nguvu kuliko yote kule Uingereza. Mawaziri walilisoma asubuhi mbele ya kuanza kazi. Lilichoandika kilikuwa dharau tupu: lilijiuliza kama watu walioanzisha nyumba ya mbwa bado wana akili timamu, na likaona kwamba huruma yao imepita mpaka na kugeuka kuwa kichekesho.

Nyuma ya kicheko hicho kulikuwa neno ambalo hata hapa kwetu tunalisikia: watoto wa watu wanalala na njaa, na ninyi munalisha mbwa? Neno hilo si la upuuzi. London ya wakati ule ilikuwa na watoto wanaolala inje, na nyumba za maskini ambamo familia zilitenganishwa, baba huku, mama kule. Anayeuliza vile hakosei juu ya watoto. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, RSPCA yenyewe iliyosaidia nyumba ya Mary ilianzishwa na watu ambao wengine wao walikuwa wanapigania binadamu: William Wilberforce, aliyepiganisha biashara ya watumwa, alikuwa kati yao. Mtu anayeumizwa na mateso ya mnyama si lazima awe amefunga moyo wake kwa watu. La pili, mbwa wanaozurura na kugonjwa barabarani wanaanza kuumiza watoto wale wale. Kumwondoa mbwa barabarani ilikuwa faida ya kartie nzima.

Mary hakuacha. Nyumba ilikuwa na madeni, majirani walinung'unika juu ya kelele za usiku, na gazeti kubwa lilikuwa limemwaibisha mbele ya nchi nzima. Kesho yake mlango ulifunguliwa kama kawaida.

Maonyesho mawili

Nyuma ya miaka miwili upepo ukaanza kugeuka. Mwaka wa 1862 kukafanyika onyesho kubwa la mbwa pale Islington. Mbwa wa bei walipangwa katika safu zao, watu wakalipa ili kuwaona. Gazeti moja la kila juma, lililoongozwa na mwandishi maarufu Charles Dickens, likatoa makala yaliyoweka maonyesho mawili mbele ya msomaji. La kwanza ni lile la Islington, lenye mbwa walioshiba na kusifiwa. La pili halikuwa mbali, mwendo mfupi tu wa miguu: ni ile nyumba ya Holloway, yenye mbwa ambao hakuna mtu angelipa hata sumni moja ili awaone.

Mwandishi hakucheka. Alionyesha kwamba mnyama ni yule yule, mwenye moyo ule ule wa kumpenda mtu, ila mmoja ana bei na mwingine hana. Dickens alisomwa katika nyumba nyingi sana, na makala yale yalisaidia watu kuiona kazi ya Mary kwa jicho lingine.

Hapo njo kiini cha maisha ya mama huyu. Hakuwa na shida na mtu anayependa mbwa mzuri. Alichokiona ni kwamba mji mmoja ulikuwa unatafuta mbwa wapya kila siku kwa feza nyingi, na wakati ule ule unatupa wengine katika mifereji. Aliyetaka mbwa na mbwa aliyetaka mtu walikuwa wanapishana barabarani bila kuonana. Nyumba yake ilikuwa mahali pa kuwakutanisha.

Neno "muda"

Turudi kidogo kwa jina la nyumba ile. Mary hakuiita nyumba ya mbwa tu; aliiita nyumba ya muda. Neno hilo lina uzito. Nyumba kama ile ni mahali pa kupitia. Mbwa akichukuliwa, nafasi yake inampokea mwingine. Asipochukuliwa, nafasi inafungika, na yule anayeletwa kesho anabaki inje.

Hesabu hiyo ilionekana mapema. Komite ikaweka sheria kwamba mbwa ambaye hakudaiwa katika siku 14 atauzwa ili kusaidia gharama, ao ataamuliwa njia nyingine. Njia hiyo nyingine ilikuwa kifo, na ni lazima tuseme hivyo waziwazi. Hata upendo wa Mary na wenzake haukuweza kuongeza kuta za zizi. Maisha ya mbwa aliyeokolewa hayakutegemea mwokozi peke yake. Yalitegemea pia mtu wa tatu, yule atakayekuja kusema: huyu namchukua.

Alikufa mbele ya kuona

Mary Tealby alishikwa na kansa. Alipozidi kudhoofika aliondoka London, akakaa Biggleswade, mji mdogo ulio katikati ya London na kule alikozaliwa. Alifariki pale tarehe 3 mwezi wa 10, mwaka wa 1865, akiwa na miaka 63. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la mji ule, na baadaye kaka yake Edward akalazwa katika kaburi lile lile.

Alikuwa ameongoza nyumba yake kwa miaka 5 tu. Siku alipokufa ilikuwa bado mahali padogo, penye shida ya feza na majirani wenye hasira. Hakuna aliyeweza kusema kama itamaliza miaka mingine 5.

Kazi ilivyoendelea

Mwaka wa 1867 sheria mpya iliwapa polisi wa London nguvu ya kukamata mbwa wanaozurura, na nyumba ikaanza kuwapokea. Idadi ikapanda. Kwa sababu ya kelele na nafasi ndogo, mwaka wa 1871 nyumba ikahama Holloway na kwenda Battersea, kusini ya mto Thames, kati ya njia za treni, mahali ambapo mbwa akibweka anashindana na garimoshi. Iko pale mpaka leo. Mwaka wa 1883 ikaanza kupokea na paka. Mwaka wa 1885 Malkia Victoria akakubali kuwa mlezi wake. Mwanamke aliyeitwa mtu wa kichekesho, kazi yake ikapewa heshima na ikulu nyuma ya miaka 25.

Lakini wakati ule ule, mbwa walikuwa wengi kuliko watu wa kuwachukua. Mwaka wa 1884 kulijengwa pale chumba cha kuua mbwa kwa hewa yenye dawa ya usingizi, ili wasife kwa maumivu. Hao walikuwa mbwa wazima wengi tu, waliokosa mtu, huku wachuuzi wa mbwa wakiendelea kuuza watoto wa mbwa katika soko za mji ule ule.

Na wale waliopata mtu walionyesha nini? Katika vita ya kwanza ya dunia, afisa mmoja wa jeshi, Edwin Richardson, aliyekuwa anafundisha mbwa wa kupeleka ujumbe kwenye mstari wa mapigano, alienda Battersea kutafuta mbwa wake wa kwanza. Wanyama walioitwa takataka za barabara walipita katikati ya risasi na matope wakibeba barua zilizookoa maisha ya askari.

Leo sheria inasemaje

Miaka zaidi ya 150 nyuma ya Mary, nchi kadhaa zimeanza kuandika wazo lake katika sheria. Jimbo la California, kule Marekani, toka mwaka wa 2019 limekataza magazini za wanyama kuuza mbwa ambao hawakutoka katika nyumba za uokozi. Kule Uingereza, toka mwezi wa 4 wa mwaka wa 2020, mtu haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 6 kama si yeye aliyemzalisha. Anayenunua anapaswa kumwona pamoja na mama yake. Ufaransa nayo imekataza magazini kuuza mbwa na paka toka tarehe 1 mwezi wa 1, mwaka wa 2024.

Kwa nini sheria hizo? Kwa sababu mtoto wa mbwa unayemwona kwenye kioo cha magazini, mama yake humwoni. Mbwa jike anabeba mimba karibu siku 63, na anaweza kuzaa mara 2 kwa mwaka. Wafanya biashara wabaya wanamfungia katika kibanda, wanamzalisha bila kupumzika mpaka mwili unachoka, halafu wanamtupa. Watoto wanaondolewa kwenye maziwa mapema ili waonekane wadogo na wazuri sokoni. Sheria ya Uingereza inaitwa kwa jina la mbwa jike mmoja, Lucy, aliyetolewa katika mahali kama hapo kule Wales mwaka wa 2013, mgongo umepindika kwa kukaa kizimbani. Aliyemchukua alikaa naye miaka 3 tu. Kila feza inayotolewa kwenye magazini kama hiyo inaagiza mimba nyingine.

Kwetu sisi

Hapa kwetu mbwa wengi hawatoki kwenye magazini. Tunapewa na jirani, ao tunamkuta anazunguka kwenye jalala ya soko. Lakini tamaa ya mbwa wa aina imefika na huku: mtu anatafuta mbwa mkubwa wa kizungu wa kulinda parselle, bei ya mbuzi kadhaa, na wakati huo mbwa wa barabara amelala mbele ya mlango wake.

Mwenye kutaka kumchukua yule wa mlangoni, afanye kwa akili. Amwangalie siku kadhaa kwa mbali, asiwaachie watoto wamshike mbele ya kujua tabia yake. Ampeleke kwa daktari wa wanyama apate chanjo ya raje na dawa ya minyoo. Raje kwa binadamu inatoka kwa mbwa karibu mara 99 katika 100, na watoto wa miaka 5 mpaka 14 njo wanaumwa mara nyingi. Aliyeumwa asafishe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie kituo cha afya siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Mary Tealby hakuwa na chanjo hiyo. Louis Pasteur aliitumia kwa mtu mara ya kwanza mwaka wa 1885, miaka 20 nyuma ya kifo cha Mary. Sisi tunayo.

Mary hakuwa tajiri, hakuwa daktari, hakuwa na bwana mwenye jina. Mbwa wa kwanza aliyejaribu kumwokoa alimfia mikononi. Kati ya wale waliokuja nyuma yake, wengi walipona kwa sababu mama mmoja wa miaka 58 alikataa kuhesabu kwamba mbwa asiye na bei ni mbwa asiye na thamani.